Diski Ikikwama Wanamtazama Mama

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya kuaga imenyesha asubuhi, ile isiyomfaa mtu yeyote, ikalowesha mpunga uliokwisha anikwa. Uwanja mzima ulikuwa turubai na matusi. Hata hivyo tumepokea mzigo wa kwanza wa msimu hapa Mwamkulu, kwenye mashine ya kukoboa ya Mzee Abdillah. Arcade, mtu wa mizani, anapima na kutaja kilo kwa ile sauti yake ya kwaya, mimi naandika jina la mkulima na kilo zake kwenye kompyuta, kompyuta inahifadhi. Hiyo ndiyo kazi ya mwenye diploma. Mara moja skrini iliganda kidogo, na ilipozinduka jina la mwenye mzigo halikuwepo. Nimeandika upya, basi.

Jumatano, 14 Mei

Imeganda mara mbili. Vumbi la pumba, nadhani. Nimeifungua na kuipuliza.

Jumamosi, 17 Mei

Leo imeganda kwa zamu ya Bernadetha, jirani yetu, na kati ya watu wote wa kata hii hakuna mbaya wa kumgandia kama yeye. Arcade alikwisha mwaga magunia yake kwenye lundo la ghala. Skrini iliporudi, Bernadetha hayumo. Nikamwambia, "Dada, subiri nitaandika tena." Akasema, "Utaandika nini, na mpunga wangu uko wapi? Nionyeshe mpunga wangu humo!" Akanyoosha kidole kwenye lundo lililofika darini.

Mzee Abdillah ametoka mjini mwenyewe kuja kusuluhisha. Kaandikisha upya kwa neno la Arcade, kisha katoa amri: kuanzia leo gunia lisimwagwe mpaka jina litokee kwenye skrini. Nikamwomba turudie kuandika kwa mkono. Kakataa. Msimu uliopita watu walikaribia kupigana juu ya mwandiko wa karani, na yeye alileta kompyuta ili ugomvi uishe. "Binti yangu, hii nimeitangaza msikitini mpaka sokoni. Itengeneze."

Kwa hiyo mpunga haupotei tena. Kinachopotea ni jina. Nilidhani hilo ni afadhali.

Jumanne, 20 Mei

Sikujua watu wanavyofikiri. Bernadetha kasema mbele ya foleni nzima, "Gunia kupotea ni wizi. Jina kupotea ni kitu kingine. Jina likimezwa, mwenye jina anafuata." Kisha katamka lile neno, chuma ulete, uchawi wa kuvuta cha mtu bila kukigusa. Na alipolitamka hakunitazama mimi. Alitazama getini.

Getini anakaa mama yangu na sufuria zake.

Mama anauza uji wa mtama hapo tangu mashine ifunguliwe. Tulikuja huku na ng'ombe kutoka Bariadi nikiwa mgongoni. Ng'ombe waliobaki wako Majimoto kwa kaka yangu Nyanda, na mama alikataa kuwafuata kwa sababu mimi nilipata kazi hapa. Anaitwa Nyanzala. Ana macho mekundu. Amepuliza moto wa kuni maisha yake yote, angekuwa nayo ya rangi gani? Lakini kule tulikotoka, bibi mwenye macho mekundu hakuhitaji kesi ndefu kuitwa mchawi na kuuawa. Kila Msukuma kwenye foleni ile analijua hilo, na mimi nalijua, na mama analijua kuliko sisi sote. Aliendelea kukoroga.

Jumapili, 25 Mei

Tangu Jumatatu imeganda kila siku. Leo mashine imefungwa, nimeingia peke yangu kuipima diski.

Chuoni Mbeya tulifundishwa programu moja ya kupimia diski. Unaiandikia faili fupi la maelekezo: andika kiasi hiki, soma kiasi hiki, kwa muda huu. Inaitwanga diski kama mpunga kinuni, na mwisho inakupa muhtasari wa muda ambao kila ombi lilichukua. Imetwanga mchana kutwa. Muhtasari unasema diski ni nzima.

Nimemwambia mama. Kasema, "Kama kifaa ni kizima, mwanangu, basi mgonjwa ni mimi." Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimeharibu mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Nilichokosa Jumapili ni logi, yale maandishi ambayo programu inajiandikia ikiwa kazini. Usipoiomba haiandiki, inakupa jumla tu, kama mwalimu anayesoma nafasi ya mtoto darasani bila kusoma masomo aliyofeli. Basi asubuhi nikawasha logi na kuiacha ipime huku kazi ikiendelea. Sikuiwekea kiasi. Ikaandika mstari kwa kila ombi, maelfu kwa maelfu. Na mjinga mimi sikuielekeza pa kuandikia, ikaandika kwenye diski ileile iliyokuwa ikipimwa. Nilikuwa nampima mgonjwa pumzi huku nimemkalia kifuani.

Diski ikajaa. Kompyuta ikafa ganzi asubuhi nzima. Majina yakamezwa moja baada ya jingine, na foleni ikafika barabarani. Innocent, mume wa Bernadetha, alipimwa mara tatu na mara zote tatu akapotea. Mara ya tatu alikaa chini akashika kichwa.

Nilisimama nikapaza sauti, "Ni mimi! Nimekosea mpangilio!" Nani anajua mpangilio ni nini? Waliniona binti anamkingia mama yake kifua. Hata mimi, ningekuwa kwenye foleni ile, sijui kama ningeyaamini maneno yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Innocent anaumwa. Homa, anatetemeka, amepelekwa hospitali mjini. Mbu wamejaa mabonde yote haya na kila nyumba ina mtu mwenye homa, lakini Innocent ndiye aliyepotea mara tatu.

Jioni Mwandu, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, kaja kwetu na vijana wake. Kaongea kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mayu, mama yetu, hatujakuhukumu. Lakini mpaka jambo lijulikane, watu hawatakusalimu, hawatakupa moto, hawatanunua kwako. Ni kawaida yetu, unaijua." Mama akajibu, "Naijua. Nilikuwa mmoja wa waliompigia vigelegele kamanda wa kwanza." Mwandu akainamisha kichwa, akaondoka.

Kabla hawajafika njiani jua lilizama. Hakuna aliyetuaga.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna aliyemsalimu mama leo isipokuwa Arcade, ambaye kwao ni makazi ya Warundi, na wakoboaji wanne wa Mzee Abdillah, watu wa mjini wasiojali amri ya Mwandu. Hao wanakunywa uji kama kawaida. Sufuria ya pili mama kairudisha nyumbani ikiwa imejaa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejifunza. Logi sasa inaandikwa kwenye flashi, siyo kwenye diski. Nimeiwekea kiasi: kila dakika itoe mstari mmoja, wastani wa dakika hiyo. Na kipimo chenyewe ni chepesi, hakisumbui mizani. Mungu nisaidie.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeona kwa macho yangu skrini ikiganda mara tatu. Nimefungua logi, nikaichora grafu. Mstari umenyooka, hakuna kitu.

Nimekaa nimeitazama mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nikatamani kutupa flashi chooni. Ni huo wastani. Dakika ina sekunde nyingi njema na chache za balaa. Ukizichanganya, balaa linayeyuka kama chumvi kwenye mboga. Diski ikikwama kidogo tu inatosha kummeza mtu, kwa sababu programu ya mizani haina subira, lakini kwa wastani dakika ile ilikuwa nzuri. Kwa wastani Mwamkulu nzima inaishi vizuri msimu huu. Ni mama mmoja tu asiyesalimiwa.

Jumanne, 10 Juni

Baridi ya kipupwe imeanza, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Nimesoma maelezo ya programu mpaka simu ikazima. Kuna mpangilio nisioujua: badala ya wastani wa kila kipindi, unaiambia iandike lililo baya kuliko yote ndani ya kipindi hicho. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kuiomba mashine hivyo. Usinifariji, niambie baya.

Nimebadilisha, nimefupisha na kipindi chenyewe. Jioni nimefungua. Yapo! Milima, mirefu, imesimama peke yake katikati ya tambarare. Diski inakwama kweli. Nimepiga kelele peke yangu ofisini, Arcade akaja mbio na koleo akidhani ni nyoka.

Nimemkimbilia Mzee Abdillah. Kaitazama milima yangu. "Sawa, inakwama. Inakwama saa ngapi, na kwa nini?" Logi haikuniambia. Saa za logi zinaanza sifuri programu inapowashwa, hazifuati saa ya ukutani. "Binti yangu," kasema, "wakiniuliza kwa nini, na mimi niwaambie nini?"

Alhamisi, 12 Juni

Nimeiomba logi iandike saa ya kweli. Ni neno moja tu kwenye faili la maelekezo, dogo kuliko jina langu. Natamani ningeliacha.

Nimeiwasha tangu asubuhi tulipofungua mizani. Watu wamepimwa vizuri, jina juu ya jina, hakuna lililopotea. Mama kafika getini na sufuria kichwani, kama kila siku, jua likiwa limepanda. Punde skrini ikaganda. Nikajiambia, imetokea tu. Nikafungua logi za jana na juzi, nikakadiria saa zake kwa kuwa nilikumbuka nilipowasha programu. Mlima mrefu wa kila siku umesimama mahali palepale. Kabla ya mama, tambarare. Mama akifika, wakoboaji wakanywa, mlima.

Foleni ilikuwa imeona kweli. Bernadetha, ambaye nimemsema vibaya kwenye kurasa hizi, alikuwa na macho mazuri kuliko programu yangu.

Nimekaa nimekunja mikono. Mimi nina diploma. Siamini chuma ulete, sijawahi kuamini. Lakini mambo niliyosikia nikiwa mtoto yalikuja yote kwa pamoja: shangazi aliyeondoka Bariadi usiku, bila mtu kusema kwa nini, mama asivyopenda kuzungumzia kwao. Nikajiuliza kwa nini sisi tulikuja mbali hivi na ng'ombe wachache hivi.

Ndipo akaja dirishani na kikombe changu. Ananiletea kila siku, na ndimu kidogo. "Kunywa kikiwa cha moto."

Nimekipokea. Nimesema asante. Nimezunguka nyuma ya ghala, nikamwaga.

Ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kuiandika. Kwetu, ukikataa chakula cha mtu mzima anayetuhumiwa, umekwisha toa hukumu. Nilijua hivyo wakati nakiinamisha kikombe.

Ijumaa, 13 Juni

Kaniletea tena. Nikasema tumbo linauma. Akaondoka nacho.

Jumamosi, 14 Juni

Mimi ni punguani. Naandika haraka.

Leo umeme ulikatika asubuhi. Uliporudi wakoboaji wakawasha mashine, ile mota kubwa ikanguruma, ukuta ukatikisika, meza ikatikisika, skrini ikaganda. Mama hakuwa amefika. Alikuwa bado njiani na mzigo wake!

Nimemwita Arcade. Nikamuuliza, "Wakoboaji wakienda kunywa uji wanafanyaje mashine?" Akanitazama kama mtoto. "Si wanaizima. Wakimaliza wanaiwasha."

Wanaizima. Wakimaliza wanaiwasha. Asubuhi huwa wanaiwasha kabla hatujafungua mizani, kwa hiyo hakuna anayepotea. Saa ya uji ndiyo wanaiwasha foleni ikiwa imejaa. Mota ikianza inatikisa ukuta, meza yangu imepigiliwa kwenye ukuta huohuo, na ndani ya kompyuta kuna diski kuukuu ya sahani inayozunguka, imechoka, ikitikiswa inashikwa na bumbuwazi. Meza haiwezi kuhama, mizani imejengewa sakafuni na waya wake ni mfupi. Siku zote nimekaa hapa. Mngurumo nimeuzoea hata siusikii.

Tumejaribu baada ya kufunga, Arcade na mimi na mkoboaji mmoja. Zima, washa: mlima. Zima, washa: mlima. Mama alikuwa nyumbani anaosha vikombe.

Nimekimbia nyumbani, nikamwambia yote. Kanisikiliza hadi mwisho. Kasema, "Vizuri, mwanangu." Akageuka kupanga vikombe. Nikamwomba uji. Akasema umeisha.

Jumatatu, 16 Juni

Mkutano, uwanjani kwa mashine. Mzee Abdillah alikuwepo, Mwandu alikuwepo, Bernadetha alikuja na kitenge alicholalia hospitali, mumewe bado amelazwa. Nimeonyesha milima kwenye skrini. Tumezima mashine, tumewasha, mlima umetokea mbele ya watu. Nimetokwa jasho kwenye baridi ile.

Bernadetha kasema, bila hasira, kwa uchovu tu, "Basi tumejua anapoingilia. Anaingilia kwenye mota."

Watu wakaguna wakikubali. Nikapiga meza, "Mama yuko kule! Amekaa kule! Mota imewashwa na mkoboaji!"

"Lakini yupo," kasema mtu.

Mwandu kanyanyua mkono. "Lucia, hatukatai elimu yako. Lakini kompyuta ni yako, na mama ni wako. Shahidi na mshtakiwa wanalala nyumba moja. Sisi tutaaminije?"

Nikatazama getini. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, anatazama sufuria.

Mzee Abdillah kasema ataagiza diski mpya Dar, ile isiyo na kitu kinachozunguka. "Wallahi, ikifika yataisha yote." Ameona la mashine. Hajaona la mama.

Ijumaa, 20 Juni

Mama alikwenda kisimani. Aliporudi kakuta sufuria zake zote mbili zimetobolewa matako kwa msumari, zimepangwa vizuri mlangoni. Mchana kweupe, na majirani wote wapo nyumbani, na hakuna aliyeona.

Nimempigia Nyanda.

Jumamosi, 21 Juni

Nyanda kafika na pikipiki kutoka Majimoto, vumbi mpaka kope. Kasema, "Mama anaondoka leo." Nikasema hapana.

Tumegombana vibaya. Nilimwambia, "Diski mpya inakuja wiki ijayo. Mama akiondoka leo na mashine ikapona wiki ijayo, watasema nini? Watasema ameondoka na uchawi wake. Hatarudi hapa mpaka kufa, na hata huko Majimoto habari itamfuata. Lazima aonekane amekaa getini siku mashine inapopona!"

Nyanda kanitazama. "Wewe unataka mama akae hapa, na watu wametoboa sufuria, ili logi yako itoke sawa?"

"Ili jina lake litoke sawa!"

"Wakimuua, jina litamsaidia nini?"

Nilimchukia kwa sababu hakukosea. Tukamgeukia mama, kila mmoja akitaka asaidiwe. Alikuwa amekwisha funga kanga zake. Kasema, "Nyie mnagombea mzigo ambao una miguu." Akapanda pikipiki. Mimi kaniaga kwa mkono tu, kama mtu wa ofisini.

Jumanne, 24 Juni

Diski imefika kwa basi. Ndogo, nyepesi kama kipande cha sabuni. Mzee Abdillah yuko safarini, kasema kwenye simu, "Ifunge leo."

Nimeiweka kwenye droo.

Nimefikiri siku nzima. Nikiifunga leo mama amekwisha. Nisipoifunga, skrini itaendelea kuganda, na mama yupo Majimoto, mwendo wa nusu siku. Waache waone wenyewe. Mpunga wao hauguswi, magunia yanasubiri pembeni mpaka jina litokee. Nitakachowaibia ni muda na usingizi.

Nimemdanganya Mzee Abdillah kuwa kuna waya haujafika. Arcade kaona droo. Karudi kwenye mizani. Sasa chai ya wakoboaji inaletwa na pikipiki kutoka mjini, na wao wanazima mashine, wanakunywa, wanaiwasha.

Jumatano, 25 Juni

Imeganda. Mtu wa Kibaoni ndiye aliyepotea, hajui habari zetu, kalalamika tu. Sikufurahi kama nilivyodhani.

Ijumaa, 27 Juni

Bernadetha kaleta magunia ya mwisho ya shamba lao. Innocent katoka hospitali, kasimama naye, amekonda, anaegemea baiskeli. Malaria, wamemwambia. Kuna wakati nilitaka kuwaambia warudi kesho. Mtu ametoka kitandani juzi, na mimi nina dawa ya kompyuta ndani ya droo. Goti langu lilikuwa linaigusa hiyo droo.

Wakoboaji wakamaliza chai. Mota ikanguruma. Arcade akataja kilo, mimi nikaandika jina la Innocent, nikabonyeza. Ikaganda. Iliporudi, hayumo.

Innocent aligeuka rangi. Bernadetha akageuka getini. Ni mazoea, shingo iligeuka yenyewe. Pale getini palikuwa na mafiga matatu na jivu la zamani na kuku wa watu.

Kasimama hivyo kwa muda mrefu. Foleni yote ilitazama alipotazama. Kisha kasema kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Lakini hayupo."

Nilitaka kuchekelea, nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Jumanne. Nilimwona Innocent anavyoshika usukani wa baiskeli, na maneno yote yakanitoka. Nikamwambia, "Shemeji, kaa chini. Naandika tena. Tazama." Nikaandika. Likatokea. Akalisoma mwenyewe kwa kidole.

Jumamosi, 28 Juni

Nimemwita Mwandu. Nimefunga diski mpya mbele yake na mbele ya watu, nikaitoa ya zamani nikampa aishike. Tumezima mota, tumewasha, tumezima, tumewasha. Tambarare. Mwandu kaigeuza ile diski kuukuu mkononi, kisha kasema kwa wote, "Salamu za yule mama zimefunguliwa. Na moto." Bernadetha hakuwepo. Jioni nimekuta mlangoni kwetu sufuria mbili, siyo mpya, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Nazijua ni za nani.

Jumatatu, 30 Juni

Nimempigia mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Wamekubali wote. Mwandu ameondoa amri mbele ya watu. Bernadetha kakuletea sufuria. Rudi nyumbani."

"Nimesikia, Nyanda kanieleza."

"Unarudi lini?"

Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Watu wa Mwamkulu nimewasamehe," kasema. "Wale sikuwazaa."

Nikabana simu sikioni.

"Nilikuja nyuma ya ghala kutafuta kuni. Niliwaona kuku kwanza. Wanagombania uji, na ndimu yake. Nikasema, huu uji naujua."

"Mama."

"Salio linaisha," kasema, akakata. Mimi ndiye niliyepiga.

Jumanne, 1 Julai

Mashine inafanya kazi vizuri. Hakuna aliyepotea.

Alhamisi, 3 Julai

Hakuna aliyepotea.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeomba ruhusa kwa Mzee Abdillah. Nilimwambia ukweli wa droo pia, kanitazama sana, kasema "Nenda kwanza, ukirudi tutaongea." Nimepanda basi, kisha bodaboda. Majimoto ilikuwa siku ya gulio, ng'ombe na mchele na vumbi. Nimemkuta mama pembeni ya wauza mchele, ana sufuria mpya na foleni yake. Watu wanamsalimu, na wengine wanamtania. Nimesimama nimetazama kwanza, sikuwa nimeona mtu akimtania tangu Mei.

Nikajipanga kwenye foleni. Kamimina kwa aliye mbele yangu. Nilipofika, kapeleka upawa kwa aliye nyuma yangu.

"Mama, na mimi."

"Wewe si huwa hunywi."

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Nikasogea pembeni. Alimimina mpaka uji ukaisha, mtu baada ya mtu, na kila kikombe niliona kikinipita. Ilipobaki sufuria tupu nikaichukua. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la ofisini, nikakwangua ukoko kwa upawa, nikaula, ule mweusi ulioungua pamoja na ule mweupe. Nililia, siyo kwa kimya. Watu waliacha kucheka.

"Utaungua mdomo," kasema mama.

Nikaendelea kukwangua.

"Kesho uje uwashe moto," kasema baadaye, akikusanya vikombe. "Mimi mgongo umechoka kupuliza."

Jumapili, 6 Julai

Kuni za hapa ni mbichi. Nimepuliza tangu alfajiri mpaka kichwa kikazunguka, moshi wote ukinijia mimi tu. Uji ulipochemka mama kakamulia ndimu kwenye kikombe cha kwanza, kabla ya mteja yeyote, akanipa. Nimekunywa kikiwa cha moto. Hajasema kama atarudi Mwamkulu na mimi sijamuuliza.

Mama mmoja mnunuzi kanitazama usoni, akamtazama mama, akarudi kwangu. Kasema, "Huyu ni wa kwako kabisa," kisha akasogeza mtoto wake karibu na sketi yake, kidogo tu. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki ya Nyanda. Macho yangu ni mekundu.

Nimeogopa. Kisha nimerudi kupuliza, maana sufuria ya pili ilikuwa bado.